AMIRALI HIPPER NA MANOWARI ILIYOACHWA NYUMA

Katika nchi ya Ujerumani, upande wa kusini, mna mji mdogo uitwao Weilheim. Mji huo uko mbali sana na bahari. Mtu akisimama hapo huona malisho ya ng'ombe na misitu, na siku ya mbingu nyeupe huona kwa mbali milima ya Alps yenye theluji. Lakini harufu ya maji ya chumvi haifiki kamwe. Katika mji huo, tarehe 13 Septemba 1863, alizaliwa mtoto aliyeitwa Franz Hipper. Baba yake alikuwa mwenye duka. Franz alipokuwa na umri wa miaka mitatu tu, baba yake alifariki, na mama yake akabaki mjane mwenye watoto wa kulea. Hakuna aliyedhani ya kuwa mtoto huyo yatima wa bara atakuja kuwa mkuu wa manowari, wala kwamba siku moja maisha ya maelfu ya watu yatakuwa mkononi mwake kwa muda wa dakika chache.

Franz alisoma shule za kwao, kisha shule za mji mkubwa wa München. Mwaka 1881 aliingia katika kazi ya manowari. Kazi hiyo huanza chini. Kijana hujifunza kupanda mlingoti, kufunga kamba, kupima kina cha maji, kuzisoma nyota na bendera za ishara, na kulala kidogo. Hipper alijifunza yote hayo kwa bidii. Zaidi ya yote alipenda kazi ya manowari ndogo za topido. Topido ni kombora liendalo chini ya maji kwa nguvu ya mtambo wake lenyewe, na likiupiga ubavu wa merikebu huupasua. Manowari zilizochukua makombora hayo zilikuwa nyembamba na nyepesi, nazo zilipaswa kumkaribia adui gizani, kupiga upesi, na kuondoka upesi. Kazi kama hiyo haimpi mtu nafasi ya kufikiri mchana kutwa. Huona, huamua, hutenda. Ndiyo iliyomfunza Hipper desturi yake ya kuamua.

Hakuwa mtu wa makaratasi. Maofisa wengine walipelekwa katika chuo kikuu cha mambo ya vita vya baharini, lakini yeye hakukisoma; elimu yake aliipata juu ya sitaha ya merikebu. Kwa muda alikuwa rubani wa merikebu ya Kaisari mwenyewe, iitwayo Hohenzollern. Hakuoa. Nyumba yake ilikuwa manowari, na jamaa zake walikuwa mabaharia. Mwaka 1913 alipewa uongozi wa manowari zote za upelelezi za Ujerumani, yaani zile kubwa ziendazo mbio, pamoja na ndogo zinazozifuata. Hizo ndizo zilizokuwa macho ya jeshi lote la baharini.

Mwaka 1914 Vita Kuu ilianza. Waingereza walikuwa na manowari nyingi kuliko Wajerumani, na kwa sababu hiyo Wajerumani hawakutaka kupigana nazo zote kwa siku moja. Shauri lao lilikuwa kuzivizia chache chache, wapunguze nguvu ya adui kidogo kidogo. Tarehe 16 Desemba 1914 Hipper alivuka Bahari ya Kaskazini, akaipiga kwa mizinga miji mitatu ya pwani ya Uingereza: Hartlepool, Scarborough na Whitby. Watu zaidi ya 100 waliuawa, na miongoni mwao walikuwamo wanawake na watoto waliokuwa majumbani mwao asubuhi hiyo. Waingereza wakamchukia Hipper, wakamwita muuaji wa watoto. Jambo hili halifai kufichwa, kwani habari za maisha ya mtu hazina budi kuelezwa pande zote mbili.

Vita hiyo haikuwa ya Ulaya peke yake. Hata katika pwani ya Afrika ya Mashariki manowari ziliangamia. Mwezi wa Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, ikiwa katika matengenezo ya mitambo, isiweze kukimbia, ikaizamisha. Baadaye Königsberg yenyewe ilijificha katika vinywa vya mto Rufiji, na mwezi wa Julai 1915 ikaangamizwa humo. Mara zote mbili merikebu isiyoweza kwenda ilikuwa imekwisha kuhesabiwa na mauti. Jambo hilo hilo Hipper alipaswa kulitazama kwa macho yake katika bahari ya baridi ya kaskazini.

Mwezi wa Januari 1915 Hipper aliamriwa kwenda mpaka fungu la bahari liitwalo Dogger, mahali penye maji machache ambapo wavuvi wa nchi nyingi huvua samaki. Wajerumani walishuku ya kuwa baadhi ya majahazi ya wavuvi yalikuwa yakiwapelelezea Waingereza habari. Basi Hipper alitakiwa ayaondoe, na kama akikuta manowari ndogo za Kiingereza azipige. Alikuwa na manowari kubwa tatu za namna mpya: Seydlitz, ambayo ndiyo aliyoipanda mwenyewe, na Moltke, na Derfflinger. Ya nne, Von der Tann, ilikuwa katika gudi ikitengenezwa. Kwa hiyo mahali pake ikachukuliwa Blücher.

Blücher ilikuwa manowari nzuri, na mabaharia wake walisifiwa kwa kulenga shabaha; lakini haikuwa sawa na wenzake. Mizinga yake mikubwa ilikuwa na mdomo wa sentimita 21 tu, hali ile ya wenzake ilikuwa ya sentimita 28 na 30. Tena haikuweza kwenda mbio kama wao. Walio na ng'ombe wanafahamu neno hili: kundi zima huenda kwa mwendo wa yule aliye mzito. Akitokea simba, mchungaji hana budi kuamua kama kundi limngojee mmoja au la. Amani ikiwapo, ng'ombe mzito si shida kubwa. Shida yake hujulikana siku ya hatari.

Jioni ya tarehe 23 Januari manowari za Kijerumani ziling'oa nanga. Hipper hakujua ya kuwa safari yake si siri tena. Mwezi wa Agosti 1914 manowari moja ya Kijerumani, jina lake Magdeburg, ilikuwa imepanda mwambani katika Bahari ya Baltiki, na Warusi wakapata humo kitabu cha maandiko ya siri. Wakawapa Waingereza nakala moja. Tangu hapo amri zilizopelekwa kwa simu ya upepo zilisomwa London. Basi Hipper alipokuwa akienda gizani, Amirali Beatty wa Uingereza naye alikuwa akienda kumngojea mahali pale pale, naye alikuwa na manowari kubwa tano ziendazo mbio: Lion, Tiger, Princess Royal, New Zealand na Indomitable.

Kulipopambazuka tarehe 24 Januari, bahari ilikuwa shwari na hewa safi. Kwanza manowari ndogo za pande mbili zilionana, zikapigana. Kisha Hipper akaona moshi mwingi upande wa kaskazini-magharibi, akafahamu ya kuwa manowari kubwa zinamjia. Manowari kubwa nyingine za Ujerumani zilikuwa bado bandarini na moto wao haujawa tayari. Hapana msaada wa karibu. Akageuka mara moja kuelekea kwao, kusini-mashariki, akaamuru mwendo wa mbio. Seydlitz ilitangulia, Moltke ikafuata, kisha Derfflinger, na nyuma ya wote Blücher.

Waingereza wakafuata. Chini kabisa, katika vyumba vya moto, watu waliokuwa uchi mpaka kiunoni walitupa makaa motoni pasipo kupumzika, na moshi ukafunika mbingu. Polepole umbali ukapungua. Yapata saa tatu asubuhi kwa saa za Uingereza, mizinga ya Lion ilianza kupiga kutoka umbali upatao kilomita 18. Kombora kutoka umbali huo hukaa hewani muda mrefu kabla halijaanguka, na anayelipiga huliona kama nguzo nyeupe ya maji ikiinuka kando ya adui. Nguzo hizo zikaanza kuinuka karibu na Blücher, maana ndiyo iliyokuwa ya mwisho.

Haukupita muda mrefu Hipper mwenyewe alipatwa na msiba. Kombora la Lion liliipiga Seydlitz upande wa tezi, likapenya mpaka chini ya mnara wa mizinga. Baruti iliyokuwa ikipandishwa ikawaka. Watu wa chini wakafungua mlango ili wakimbilie mnara wa pili, na moto ukapita katika mlango huo pamoja nao. Minara miwili ikateketea mara moja, na watu 159 wakafa. Miali ya moto ilipanda juu kuliko milingoti. Kama moto ungalifika katika ghala za baruti, manowari nzima ingalipasuka na Hipper pamoja nayo. Baharia mmoja, bwana wa pampu, jina lake Wilhelm Heidkamp, akaingia katika moshi ule, akaishika kwa mikono mitupu mizunguko ya chuma iliyokuwa imewaka moto, akaifungua, maji ya bahari yakaingia katika ghala. Mikono yake iliungua, lakini manowari iliokoka. Tangu saa hiyo Seydlitz ilikuwa na mizinga michache ya kupigia, na maji mengi katika tezi yake.

Hapo ndipo habari mbaya ya pili ilipokuja. Yapata saa nne na nusu, kombora lilitoboa sitaha ya Blücher, likaiwasha baruti katika njia ya kuipelekea mizingani. Moto ukaenea, mabomba ya mvuke yakakatika, sukani ikaharibika. Mwendo wake ukapungua mpaka maili za bahari 17 kwa saa. Ikaanza kubaki nyuma na kuacha njia, nayo ilikuwa na watu zaidi ya 1,000 ndani yake.

Basi Hipper alisimama juu ya Seydlitz, akitazama nyuma. Mbele yake zilikuwapo njia mbili tu, na zote mbili zilikuwa chungu.

Njia ya kwanza ilikuwa kugeuka. Desturi ya mabaharia wa mataifa yote ni kutomwacha mwenzao katika shida. Watu wa Blücher walikuwa watu wake. Maofisa wake aliwajua kwa nyuso na kwa majina. Walikuwa wamemfuata kwa amri, katika manowari isiyofaa kwa kazi ile, nao hawakuwa na kosa lo lote. Wakiangalia mbele na kuona moshi wa wenzao ukizidi kwenda mbali, wangefikiri nini? Na wale waliosalia, je, watamtii tena kwa moyo mkubwa mkuu aliyewaacha wenziwe?

Njia ya pili ilikuwa kuendelea. Seydlitz ilikuwa imepoteza minara miwili. Makombora yaliyobaki yalikuwa yakipungua. Adui alikuwa na manowari tano, nazo zilikuwa na mizinga mikubwa kuliko yake. Tena Hipper aliweza kudhani ya kuwa nyuma ya hizo tano wako Waingereza wengine wengi wakija. Akigeuka na kuizunguka Blücher, itampasa aende kwa mwendo wa Blücher, na kwa mwendo huo hatatoka tena. Jioni Ujerumani ingalikuwa imepoteza manowari nne badala ya moja, na badala ya watu 1,000 wangalikufa watu 4,000. Tena macho ya jeshi lote la baharini yangalipofushwa kwa siku moja.

Fikira yake ya kwanza ilikuwa kugeuka amsaidie mwenzake. Alilipima jambo hilo, naye hakuwa na nafasi ya kulipima mara mbili, kwa kuwa makombora yalikuwa yakianguka. Kisha akaamua. Seydlitz, Moltke na Derfflinger zikaendelea na njia ya nyumbani. Blücher ikaachwa.

Ikawa ajabu ya vita, kwamba wakati ule ule manowari ya mkuu wa Waingereza nayo ilikuwa imelemaa. Makombora ya Wajerumani yalikuwa yameipiga Lion mara nyingi, mtambo wake mmoja ukasimama, nayo ikatoka katika safu. Amirali Beatty alidhani ameona manowari ya chini ya maji, akaamuru wote wageuke. Kumbe hapakuwa na kitu. Simu yake ya upepo ilikuwa imevunjika, na bendera nyingi zilikuwa zimekatika. Alipotaka kuwaamuru wenzake wamfuate Hipper, bendera chache zilizobaki zilipandishwa pamoja, zikasomwa vingine. Maofisa wake wakafahamu ya kuwa wanaamriwa kuishambulia manowari ya mwisho ya adui. Basi wote wanne wakamwacha Hipper, wakaigeukia Blücher peke yake.

Manowari ile ilipigana kwa muda mrefu hata adui zake wakastaajabu. Ilipigwa kwa makombora mengi, yakahesabiwa zaidi ya 70, na kwa topido pia; lakini mizinga iliyobaki nzima iliendelea kujibu. Yapata saa sita za mchana ililala ubavu, ikapinduka. Mamia ya watu walionekana wamesimama juu ya ubavu wake, kama watu waliopanda mwamba, na picha iliyopigwa saa hiyo imeenea ulimwenguni. Kisha ikazama. Manowari ndogo za Kiingereza zikakaribia kuwaokoa waliokuwa wakielea katika maji ya baridi. Lakini ndege ya Kijerumani ikatokea juu, na rubani wake akadhani ya kuwa manowari inayozama ni ya Waingereza. Akatupa mabomu. Waokoaji wakalazimika kuondoka, na watu wengi ambao wangaliweza kuokolewa wakaachwa majini. Waliookolewa walikuwa zaidi kidogo ya 200. Waliokufa walikuwa zaidi ya 700. Nahodha wa Blücher, Alexander Erdmann, aliokolewa, lakini mwezi uliofuata alifariki kwa ugonjwa wa mapafu akiwa mfungwa Uingereza.

Amirali Beatty alishuka katika manowari ndogo ili aiwahi manowari nyingine na kushika tena uongozi. Alipoifikia, Blücher ilikuwa imekwisha kuzama na Hipper alikuwa mbali, hawezi kufikiwa. Kisha Waingereza nao wakawa na manowari yao iliyolemaa. Hawakuiacha Lion. Manowari Indomitable ikaivuta kwa kamba, na manowari ndogo nyingi zikaizunguka kama walinzi, mpaka ikafika bandarini Uskoti tarehe 26 Januari. Iliwezekana kufanya hivyo kwa kuwa adui alikuwa amekwenda zake. Anayebaki na uwanja wa vita anaweza kumchukua majeruhi wake. Anayekimbizwa hana nafasi hiyo.

Hipper alirudi bandarini akiwa na manowari tatu, na moja katika hizo imejaa maiti. Walioisikia habari hiyo waligawanyika. Wengine walisema ya kuwa amefanya vema, wengine walinung'unika kwamba manowari ya Kijerumani imeachwa peke yake mbele ya adui. Baadaye habari za upande wa Waingereza zilipojulikana, watu wakaona ya kuwa saa ile Lion ilikuwa imetoka vitani na maofisa wa Kiingereza walikuwa wamekosa kuelewana. Labda kugeuka kwa Hipper kungalileta faida. Lakini Hipper hakuwa na macho ya kuona ndani ya Lion. Mtu huhukumiwa kwa haki kwa yale aliyoyajua alipoamua, si kwa yale yaliyojulikana baada ya miaka. Mkuu wa jeshi lote la manowari, Amirali von Ingenohl, aliondolewa katika cheo chake kwa sababu ya shauri la safari ile; Hipper hakuondolewa.

Yeye mwenyewe hakuzichukua habari za siku ile kwa wepesi, nayo ikawa shule kwake na kwa wenzake. Kwanza, manowari dhaifu hazikupangwa tena pamoja na zile kubwa ziendazo mbio. Pili, Wajerumani waliuchunguza moto wa Seydlitz, wakabadili namna ya kuweka na kupandisha baruti, ili moto wa mnara mmoja usipite mpaka ghalani. Waingereza hawakupata fundisho hilo siku ile. Mwaka uliofuata waliligharimia kwa manowari tatu zilizopasuka kwa baruti yao wenyewe, na zaidi ya watu 3,000 walikufa ndani yake.

Hiyo ilikuwa katika vita vya Jutland, tarehe 31 Mei 1916, vita vikubwa kuliko vyote vya baharini katika Vita Kuu ile. Hipper alikuwa na manowari kubwa tano, naye alipanda iliyo mpya, Lützow. Alikutana tena na Beatty, akamvuta kuelekea kusini mpaka penye jeshi lote la Wajerumani lililoongozwa na Amirali Scheer. Lakini baadaye jeshi lote la Waingereza nalo likatokea, na Lützow ikapigwa na makombora mengi, mpaka omo ikajaa maji na kuinama. Hipper alilazimika kushuka katika manowari ndogo, akaenda kutafuta nyingine ya kuongozea. Akaenda kwa Derfflinger, akaiona imevunjika. Akaenda kwa Seydlitz, ikawa hivyo hivyo. Usiku ndipo alipopanda Moltke.

Basi Lützow nayo ikabaki nyuma gizani, kama Blücher ilivyobaki mchana. Walakini mara hii mambo yalikuwa tofauti. Giza lilikuwapo, adui hakujua ilipo, na manowari ndogo nne zilikuwa karibu nayo. Nahodha wake, Viktor Harder, alijaribu kuirudisha nyumbani. Maji yakazidi, omo ikashuka chini ya bahari, na mapanga yaliyo tezini yakaanza kutoka majini. Alipoona hakuna matumaini tena, aliamuru watu wahame. Zaidi ya 1,000 wakavuka kwa utaratibu katika zile manowari ndogo. Ndipo mojawapo ikapewa amri ya kuipiga Lützow kwa topido, isije ikashikwa na adui. Chuma kilizama, watu wakarudi nyumbani. Baada ya vita hivyo Hipper alipewa nishani kubwa na Kaisari, na mfalme wa Bavaria akampa cheo cha ukabaila, akaitwa Franz Ritter von Hipper.

Mwezi wa Agosti 1918 alifanywa mkuu wa jeshi lote la manowari za Ujerumani. Lakini vita ilikuwa karibu kwisha, na watu wa Ujerumani walikuwa na njaa. Mwezi wa Oktoba, huku serikali ikitafuta amani, Hipper na wakuu wenzake walifanya shauri la kutoka na manowari zote kupigana na Waingereza mara ya mwisho, kwa ajili ya heshima. Mabaharia waliposikia, wakakataa. Waliona ya kuwa wanapelekwa kufa bure, siku chache kabla ya amani. Wakazima moto wa mitambo, na uasi ukaenea mpaka mji wa Kiel na nchi nzima. Kaisari akajiuzulu tarehe 9 Novemba, na tarehe 11 Novemba 1918 vita ikakoma.

Hapa maisha ya Hipper yanatoa fundisho gumu. Mwaka 1915 aliiacha manowari moja ili asipoteze wengi kwa ajili ya heshima. Mwaka 1918 alikuwa tayari kuwapeleka wengi sana kwa ajili ya heshima ile ile. Mtu mmoja, naye shujaa, aliweza kuhesabu vema siku moja na kuhesabu vibaya siku nyingine. Na siku hiyo ya pili waliohesabu vema ni mabaharia wa chini, wapakia makaa na wapiga mizinga.

Manowari zilipopelekwa kufungwa katika ghuba ya Scapa Flow huko Uskoti, Hipper hakwenda nazo. Alijiuzulu mwezi wa Desemba 1918, akaenda kukaa karibu na Hamburg kwa utulivu. Tarehe 21 Juni 1919 mabaharia waliobaki katika manowari zile walizizamisha kwa mikono yao wenyewe, zisigawanywe kwa mataifa. Seydlitz, Moltke na Derfflinger, zile tatu alizozirudisha nyumbani siku ya Dogger kwa kuiacha ya nne, zikaenda chini ya bahari pamoja. Lakini hazikwenda na watu waliookoka siku ile.

Franz Hipper alifariki tarehe 25 Mei 1932, mwenye umri wa miaka 68. Majivu yake yalipelekwa Weilheim, mji wake wa kuzaliwa, mbali na bahari. Miaka michache baadaye Wajerumani waliunda manowari mpya za namna moja. Ya kwanza waliiita Admiral Hipper, na ya pili yake wakaiita Blücher. Hiyo Blücher ya pili nayo ilizamishwa, mwezi wa Aprili 1940, katika ghuba ya Oslo nchini Norway. Hivyo majina mawili yaliyotengana katika Bahari ya Kaskazini asubuhi ya Januari 1915 yaliwekwa tena pamoja, na watu waliojua habari za siku ile hawakuweza kulitaja moja pasipo kulikumbuka la pili.